Ukinyanyua Pikapu, Difu Inabaki Pale Pale

(Hotuba niliyoitoa Arusha kwenye mkusanyiko wa wenye pikapu, madereva na mafundi. Wengi mliokuwa safarini mliomba maneno yote. Haya hapa kama yalivyosemwa, ila picha za ukutani nimeziacha.)

Mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, madereva, akina mama na akina baba mliofunga biashara zenu leo mkaja hapa, habari za asubuhi? Sijasikia vizuri. Habari za asubuhi? Haya, sasa najua chai imeshuka.

Nimeombwa niseme juu ya matairi makubwa kwenye pikapu zilizonyanyuliwa. Nimepita pale uwanjani kabla ya kuingia. Nimeona Hilux za kila umri, nimeona Land Cruiser za mkonga, nimeona na nyingine sijui niziite nini maana zimekuwa ndefu hadi mwenyewe anaingia kwa kuruka. Zinapendeza! Sikuja kumkataza mtu. Gereji yangu inaishi kwa kazi hiyo hiyo. Ila kabla sijagusa ufundi, kila mmoja ajijibu moyoni mwake maswali mawili. Gari lako linabeba nini? Linapita wapi?

Nayarudia kwa sababu wateja wangu wengi huja na swali la tatu, ambalo ni "tairi kubwa kuliko yote litakaloingia ni lipi?" Nikiwauliza yale mawili wananitazama kama nawachelewesha. Gari lako linabeba nini? Linapita wapi? Leo nitawachosha kwa maswali hayo.

Tuanze chini kabisa ya gari. Ukifunga springi ndefu na shokapu ndefu, ni nini kinachopanda? Bodi inapanda. Chasisi inapanda. Bampa, tangi la mafuta, ngazi za pembeni, vyote vinapanda. Na difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli? Nasubiri jibu. Mzee pale nyuma anatikisa kichwa, yeye anajua. Difu ya nyuma haipandi. Imo ndani ya ekseli, ekseli inabebwa na magurudumu, magurudumu yako ardhini. Nyanyua gari inchi 2, difu iko pale pale. Nyanyua inchi 6, difu iko pale pale. Kitu pekee kinachoipandisha ni tairi.

Nina mteja anayepeleka vifaa vya kambi upande wa Ziwa Natron, njia ya Engaruka. Wanaoijua ile njia wanajua: mawe meusi ya volkano, makorongo, vumbi linaloficha jiwe mpaka ulisikie. Alikuwa na Hilux ya springi za mbele za koili, akainyanyua kwa fundi mwingine karibu inchi 3, matairi akabakiza yale yale ya kiwandani. Akaenda akijiamini. Jiwe ambalo zamani angelikwepa, safari hii alilipita katikati ya magurudumu, maana kutoka kwenye kiti lilionekana dogo. Likapiga kifuniko cha difu, oili ikamwagika barabarani. Aliponipigia simu hakuuliza habari ya kifuniko. Aliuliza, "Fundi, si gari limepanda hili?" Limepanda, ndugu yangu. Difu ndiyo haikupanda.

Sasa msinielewe vibaya, kunyanyua kuna kazi yake. Kunakupa nafasi ya tairi kwenye madigadi, kunaisaidia bampa isichimbe unapopanda ukingo wa korongo, kunaokoa tumbo la gari kwenye tuta. Lakini ukitaka kupita juu ya jiwe bila kugusa, anza kuhesabu tairi, kisha unyanyue kiasi tairi hilo linachohitaji, basi. Watu wengi huenda kinyume: wananyanyua kwanza kwa sababu seti iko sokoni, kisha wanatafuta tairi la kujaza uwazi ulioachwa, kwa sababu gari lililonyanyuliwa na matairi madogo linachekesha. Kweli linachekesha. Lakini kicheko si kipimo.

Tusome namba. Nani ana Hilux yenye rimu 17 hapa? Wengi. Tairi lenu la kiwandani, kwa wengi wenu, ni 265/65R17. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni asilimia: ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana. Piga hesabu, ubavu mmoja ni milimita 172 na kidogo. Kuna ubavu juu na ubavu chini, kwa hiyo 344 na nusu. Ongeza rimu ya inchi 17, ambayo ni milimita 432 kasoro kidogo. Jumla tairi lina urefu wa milimita 776 kutoka ardhini hadi juu.

Tairi linalopendwa na vijana wangu ni 285/70R17, lile dukani wanaloliita "33". Kwa hesabu ile ile linatoka milimita 831, yaani inchi 32.7. Kutoka 776 hadi 831 umeongeza milimita 55. Difu yako imepanda ngapi? Si 55! Difu iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda nusu: milimita 27. Chukua futi yako uitazame 27. Ni upana wa vidole viwili vyembamba. Hiyo ndiyo faida yote ya chini uliyoinunua. Kwa mtu wa Natron, vidole viwili vinaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufika na kutofika. Kwa mtu anayetoka Njiro kwenda Usa River kwa lami, vidole viwili ni mapambo, na mapambo ni haki yake, ila ajue anacholipia.

Katikati ya hayo mawili kuna 265/70R17. Upana ule ule, urefu milimita 803. Difu inapanda milimita 13. Kwenye Hilux nyingi linaingia bila kisu wala nyundo. Ninalipenda tairi hili. Halina sifa, hakuna anayelipiga picha, lakini nikiona dereva wa kazi analiuliza, najua huyo ameshajijibu maswali yangu mawili.

Bado ubavuni mwa tairi. Kuna namba na herufi ambazo muuzaji hazitaji. Ukiona 112S, hiyo 112 ni mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja. Ukiona 121 ni kilo 1,450. Wakiandika 121/118, namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, ya pili ni ya matairi pacha kama nyuma ya lori. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. Ukikuta 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jipya dukani laweza kuwa mzee stoo. Uliza, geuza, soma. Na usione haya kuwasha tochi ya simu dukani, fedha ni zako.

Tairi la plai 10, yaani lenye nguvu ya tabaka 10, lina ubavu mgumu, linastahimili mawe na miiba, na linabeba mzigo mkubwa. Lakini linabeba mzigo huo likiwa na upepo wa kutosha. Mtu anatoa matairi yake laini yaliyokuwa na psi 30, hicho ni kipimo cha upepo, anafunga ya plai 10, anaweka psi 30 zile zile kwa mazoea, anapakia mifuko ya saruji. Tairi linapata joto na linaharibika kutoka ndani, kwa nje linameta. Haya tena: gari lako linabeba nini? Upepo unafuata mzigo.

Sasa kugusana. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugomvi mwingi wa fundi na mteja unapoanzia.

Mteja anakuja, tumefunga matairi, tumegeuza usukani kushoto na kulia pale sakafuni, hakuna kinachogusa. Anafurahi, analipa, anaondoka. Baada ya wiki anarudi na vipande vya plastiki mkononi. "Fundi, ulisema haligusi." Nililisema hilo gari likiwa tupu, limesimama kwenye saruji iliyonyooka. Wapi mmeona barabara ya Simanjiro imenyooka kama sakafu ya gereji?

Sikilizeni jambo hili kwa makini, mafundi hasa. Springi ndefu haimzuii tairi kufika juu. Gurudumu la mbele likipiga shimo, linapanda mpaka mkono wake, ule wa chuma unaolibeba, uguse mpira wa kuzuia, ule ulio kwenye chasisi. Mpira ule uko palepale ulipokuwa kabla ya kunyanyua. Kwa hiyo sehemu ya juu kabisa ambayo tairi linafika haijabadilika hata kidogo! Kunyanyua kumeongeza nafasi wakati gari limetulia. Wakati limebanwa, nafasi ni ile ya kiwandani, na tairi sasa ni kubwa kuliko la kiwandani. Litagusa tu. Na likigusa ukiwa umekata kona kwa mwendo, si plastiki peke yake inayokatika.

Kipimo cha kweli ni hiki. Panda gurudumu moja la mbele juu ya rampu au kichuguu mpaka springi ibanwe kabisa. Hapo ndipo ugeuze usukani mpaka mwisho, huku na huku. Mtu mwingine ainame atazame sehemu nne: plastiki ya ndani ya madigadi, kona ya nyuma ya bampa, mkono wa juu karibu na ubavu wa ndani wa tairi, na ile kona ya chasisi nyuma ya gurudumu, mahali bodi inapokalia mpira wake. Ile kona ndiyo adui wa 285 kwenye Hilux. Kisha mrudishe gari nyuma usukani ukiwa umekatwa, maana kuna gari haligusi likienda mbele na linagusa likirudi.

Kuna mafundi wanaikata ile kona na kuiunga upya kwa kuchomelea. Inafanyika, na ikifanywa na mtu anayejua kuchomelea chasisi, inadumu. Lakini nimeona moja iliyokatwa kwa grainda, ikapakwa rangi nyeusi, kipande hakikurudishwa. Bodi ya gari inaning'inia pale! Mwenye gari hakujua. Alilalamika kwamba mlango wa dereva hauingii vizuri.

Nikiwa hapo hapo mbele, neno kwa wenye Hilux za Vigo na Revo, zile za kuanzia 2005. Difu ya nyuma nimesema haipandi. Ya mbele ya kwenu imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo hiyo inapanda pamoja na bodi, huku magurudumu yamebaki chini. Ni nini kinachounganisha difu iliyopanda na gurudumu lililobaki? Shafti zenye sivi jointi, yaani viungo vinavyopinda. Zinainama. Inchi 2 zinavumilia. Ukizidi hapo, pembe inakuwa kali, mifuko ya mpira inayozifunika inachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya hapo kila kona unasikia tak-tak-tak. Anayetaka zaidi ya inchi 2 kwenye magari haya aje na bajeti ya kushusha difu ya mbele na kubadili mikono ya juu. Kama hana, inchi 2 zinatosha.

Na wenye zile Hilux za kabla ya 2005 zenye nondo za kujipinda mbele badala ya koili, msiwaamini wanaonyanyua kwa spana tu. Wanakaza nondo, gari linapanda, bure kabisa. Lakini sasa mkono umekaa karibu na mwisho wake wa chini, hauna pa kushukia. Gurudumu likikuta shimo halishuki kulifuata, linaning'inia, na gari linagonga kana kwamba halina shokapu. Kila gari likinyanyuliwa, kwa njia yoyote, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifuate siku hiyo hiyo. Si wiki ijayo. Matairi manne mapya ya bei ile yanaweza kuliwa upande mmoja kabla hujamaliza kuyalipia.

Kwenye rimu nitapita haraka. Hilux ina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser 79 ina stadi 5 kwenye duara la 150. Msidanganywe kwamba tundu linaweza "kutanuliwa kidogo". Rimu inayotoka nje kupita madigadi inapendeza kwenye picha, lakini uzito unahamia nje ya beringi, usukani unakuwa mzito na unavuta unapokanyaga shimo, na mawe yanarushwa kwenye milango yako mwenyewe. Spesa za kuongeza upana zinafanya kazi ile ile. Kuna jambo moja tu hapa nitakalolikazia: nati. Aloi za kiwandani za Toyota hufungwa kwa nati yenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye koni. Nati ya washa kwenye tundu la koni inajifanya imekaza. Haijakaza. Ukibadili rimu, badili nati, na ukitembea kilomita 50 hadi 100 za kwanza simama ukaze tena. Gurudumu lililochomoka halichagui mtu wa kumgonga.

Sasa tufike kwenye deni lenyewe, yaani kile ambacho tairi kubwa linakidai kwa gari zima.

Huko Marekani, mji wa St. Louis, kulikuwa na mtu akiitwa Bob Chandler. Alikuwa na pikapu aina ya Ford F-250 ya mwaka 1974 na duka la vipuri vya magari ya fowili. Alipenda kulipeleka gari mahali pabaya, na kila likivunja kitu, aliweka kitu kikubwa zaidi. Akaweka matairi makubwa, yakavunja ekseli. Akaenda kutafuta ekseli za malori ya jeshi. Ekseli za jeshi zikabeba matairi makubwa zaidi, yakataka injini yenye nguvu zaidi. Mwaka 1981 akaliendesha gari lile, likiwa na matairi ya inchi 48, juu ya magari mabovu shambani, akayaponda, na baadaye akapanda hadi inchi 66. Gari lile ni Bigfoot, na kutoka kwake ikazaliwa michezo ile ya magari makubwa yanayoruka mnayoiona kwenye televisheni. Watu wanakumbuka matairi. Mimi nakumbuka ekseli. Mtu yule alikuwa na duka la vipuri! Wewe una duka la vipuri?

Gurudumu refu ni mkono mrefu unaoshindana na kila chuma kilicho nyuma yake. Injini inasukuma mkono mrefu zaidi, breki inazuia mkono mrefu zaidi, tairodi na boljointi zinapigwa na mkono mrefu zaidi. Na tairi lenyewe ni zito: kutoka tairi la kiwandani hadi 285 ya plai 10 unaweza kuongeza kilo 5 hadi 8 kila gurudumu, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo hakuna kinachoupunguzia makali.

Upande wa injini hesabu yake ni rahisi. Kutoka 776 hadi 831 ni asilimia 7. Kama difu yako ina uwiano wa 4.1, yaani shafti inazunguka mara 4.1 gurudumu lizunguke mara moja, kwa nguvu unayoisikia sasa ni kama 3.83. Gari limekuwa la gia ndefu. Tambarare hutajua. Ukipakia tani moja ukaanza kupanda, gia ya 3 uliyoizoea inakufa, unarudi ya 2, na klachi inaanza kunuka kwenye kilima ambacho zamani ulikuwa unapiga simu ukikipanda. Kwa 265/70 hutasumbuka. Kwa 285 utasikia. Ukienda tairi la inchi 35, badili uwiano wa difu, mbele na nyuma kwa pamoja, au uache.

Upande wa breki nataka kimya. Kuna kifaa kidogo nyuma ya Hilux nyingi za mzigo ambacho wengi hawakijui. Ni valvu imefungwa kwenye chasisi, ina fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, chasisi inashuka kuelekea ekseli, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, valvu inapunguza breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge. Mmeshaona tatizo? Ukinyanyua nyuma, umeipandisha chasisi. Fimbo inasema: gari hili ni tupu. Umepakia tani moja ya mahindi, fimbo inasema ni tupu. Breki za nyuma zinapunguzwa, mzigo wote unazuiwa na breki za mbele, ambazo sasa zinashindana na tairi refu na zito.

Uko wapi wakati huo? Pengine uko Kitonga, unashuka kutoka Iringa, lori mbele, basi nyuma, kona moja baada ya nyingine.

Nilimpokea dereva mmoja aliyeshuka pale na Hilux iliyonyanyuliwa kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya springi na ekseli. Alifika chini salama, mbele kunafuka moshi, diski zimekuwa za bluu. Alikuwa amebadilisha breki pedi mara kwa mara akidhani ni pedi feki. Tulipolala chini ya gari, tukaikuta fimbo ya valvu imevutwa mpaka mwisho. Kulikuwa na dawa ya bei ndogo sana: kipande cha chuma cha kuishusha valvu kutoka kwenye chasisi, kwa kiasi kile kile gari lilichopanda. Bei yake haifiki hata robo ya tairi moja. Mafundi, nawaomba. Ukinyanyua nyuma, tafuta fimbo. Tazama na mipira ya breki kama haijakazika gurudumu linaponing'inia. Tafuta fimbo!

Spidomita nayo. Tairi refu linazunguka mara chache kwa kilomita, kwa hiyo mshale unasoma pungufu. Kwa asilimia 7, mshale ukionyesha 50 umekwenda 53 na nusu kulingana na ulivyokuwa mwanzo. Wenye tochi pale kwenye kibao cha 50 hawana habari na tairi lako, faini ni shilingi 30,000. Hapa nawapa na upande wa pili ili nisiwatishe bure: spidomita nyingi za kiwandani husoma zaidi kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo wengine tairi kubwa linawasogeza karibu na ukweli. Usibuni. Washa GPS ya simu, mtu mwingine asome, linganisha kwenye 50, 80 na 100, andika kwenye karatasi ubandike juu ya dashibodi. Kumbuka kwamba na kilomita zinahesabiwa pungufu. Oili unayomwaga kila kilomita 5,000, sasa umetembea 5,350. Na yule anayelia kwamba gari limeanza kunywa mafuta kupita kiasi, sehemu ya kilio chake ni hesabu: amekwenda mbali kuliko anavyodhani. Sehemu nyingine ni kweli linakunywa.

Nimalizie na jambo ambalo wazee hapa wanalijua kuliko mimi. Kwa nini Land Cruiser nyingi za kazi bado zinatembea na 7.50R16, tairi refu na jembamba? Si ushamba. Kwenye tope la mbuga, ule udongo mweusi, tairi jembamba likiwa na uzito juu yake linakata utelezi wa juu na kutafuta pagumu chini. Pana linaelea, na likielea juu ya utelezi linakwenda linakotaka lenyewe. Lakini mbuga ikiwa haina chini, au ukifika kwenye mchanga wa mto mkavu, mambo yanageuka. Pale unataka tairi lijitandaze. Watu wa Iceland wanatembea juu ya theluji ya barafu kwa pikapu za matairi ya inchi 38 na zaidi, na siri yao si ukubwa peke yake: wanapunguza upepo hadi psi chache sana, tairi linalala kama chapati. Sisi kwenye mchanga psi 18 hadi 22 zinatosha, mwendo uwe mdogo, na pampu ya kujazia iwe ndani ya gari. Mtu mwenye tairi la kawaida na pampu atampita mwenye "33" aliyejaza psi 40 na kukwama akiwa na fahari.

Uzuri wa 7.50R16 ni kwamba ukipata mkasa wa tairi Loliondo au Kibaya, unalikuta dukani au kwa fundi pancha. 285/70R17 utaisubiri iletwe kwa basi. Gari linapita wapi? Pima na mahali pa spea chini ya bodi, maana tairi kubwa mara nyingi linakataa kukaa pale na unaishia kulipakia nyuma likila nafasi ya mzigo. Pima na jeki. Jeki ya kiwandani ilitengenezwa kwa gari la kiwandani. Gari limepanda, tairi limepanda, jeki imebaki fupi, na hilo utaligundua usiku.

Ndugu mmoja ameniandikia swali kwenye karatasi: "Nina milioni kadhaa, nianze na nini?" Anza na matairi mazuri ya saizi ya kiwandani au hatua moja juu, ya aina ya njia yako. Kisha breki na bushi ziwe nzima. Kisha shokapu. Baada ya hapo, kama bado difu inagusa mawe unayoyapita kila wiki, njoo tuongee habari ya inchi 2 na 285. Na ukifika huko, mwandikie mwenye bima wako umefanya nini, kwa maandishi, mapema, si baada ya ajali.

Mwingine anauliza kama mkewe ataweza kuingia garini. Hilo, mzee, kamuulize yeye kabla hujanunua springi.

Muda wa Mwenyekiti naona umekwisha. Nje kuna Hilux nyeupe yenye 285, gurudumu la mbele kulia liko juu ya rampu. Mwenyewe anaapa kwamba haligusi. Twendeni tukageuze usukani.